Nimlipie mama kitanda cha ndegeni? Jibu kwa msomaji wa Tabata

Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam, ameniandikia hivi: "Mwanzoni mwa Desemba nampeleka mama Marekani kwa mdogo wangu aliyejifungua. Mama ana miaka 69, ana shinikizo la damu, na magoti yanamsumbua. Ndege aliyowahi kupanda ni ile ya Dar kwenda Kilimanjaro tu. Tiketi za daraja la kawaida tumeshakata: Dar hadi Ghuba, kule Uarabuni, halafu Ghuba hadi Washington. Tutarudi mwishoni mwa Februari. Sasa shirika limetutumia barua pepe kwamba tukiongeza fedha tunaweza kupanda daraja la biashara. Kwa mtu mmoja ni dola 380 Dar–Ghuba, 1,150 Ghuba–Washington, 1,050 Washington–Ghuba wakati wa kurudi, na 350 Ghuba–Dar. Nina akiba ya dola 3,000, lakini hizo nilipanga zijenge choo cha ndani, cha kukaa, nyumbani kwa mama kule Same. Je, inafaa? Na nikimlipia mama peke yake, ni sawa akae mbele bila mimi? Mama hazungumzi Kiingereza."

Dada yangu, kwanza nifikishie shikamoo kwa mama. Nimekata tiketi mjini Dar kwa miaka 19, na wengi wanaoniuliza habari ya kupanda daraja huniuliza bei tu. Wewe umeniambia na kazi nyingine ambayo fedha hizo zingefanya. Hapo umenirahisishia jibu, kwa sababu bei ya kiti cha ndege haina maana mpaka ujue imetoka mfuko gani.

Tuanze na hesabu. Mama peke yake, kwenda na kurudi, ni dola 2,930. Ninyi wawili ni 5,860. Ya pili huna, na sikushauri uikope. Ya kwanza unayo, lakini ukiilipa utabakiwa na dola 70, na choo kitabaki kwenye karatasi ya fundi. Kwa hiyo safari nzima mbele naifuta sasa hivi. Kinachobaki ni kujua kama kuna kipande kimoja cha safari kinachostahili kulipiwa.

Kuna jambo moja ambalo barua pepe za mashirika hazisemi. Daraja la biashara lina vitu vingi: chakula kwenye sahani ya udongo, ukumbi wa mapumziko, kushuka mapema, begi la ziada, kinywaji kabla ndege haijaondoka. Karibu vyote hivyo unaweza kuvipata kwa njia ya bei nafuu au kuishi bila kuvikumbuka. Ukumbi wa mapumziko, kwa mfano, kwenye viwanja vikubwa vya Ghuba unaweza kuulipia mlangoni hata kama una tiketi ya kawaida. Usichoweza kukipata mahali pengine popote ndani ya ndege ni kulala umenyoosha mgongo na miguu. Hicho ndicho unachonunua. Basi gawa bei kwa saa ambazo mama atalala kweli. Usiigawe kwa saa za safari.

Nilijifunza hesabu hiyo kwa uchungu. Mwaka 2013 nilimpeleka marehemu baba Mumbai kwa matibabu, na kwa mapenzi tu nikamlipia kiti cha mbele. Ndege iliondoka mchana. Safari ilikuwa ya saa sita hivi, na baba alikaa wima muda wote akiangalia mawingu, kwa sababu hakuna mzee wa kwetu anayelala saa 8 mchana akiwa na watu wa kuwatazama. Tulipofika, fedha za malazi zikapungua na tukahamia chumba cha ghorofa ya tatu kisicho na lifti. Kiti kilikuwa kizuri, ila nilikinunua kwa saa zisizofaa.

Sasa tutazame saa zenu, kulingana na ratiba uliyoniambatishia.

Mnaondoka Dar karibu saa 11 jioni na kufika Ghuba saa 5 usiku kwa saa za huko. Hiyo ni safari ya saa tano na nusu hivi, na ndani yake kuna chakula cha jioni, kukusanywa kwa sahani, na mama kushangaa ndege kubwa. Akilala ataibia saa moja au mbili. Dola 380 kwa usingizi wa saa moja na nusu, hapana. Kipande hiki kiache.

Kisha mnangoja kidogo na kuondoka saa 8 usiku, na ndege inaruka karibu saa 14 na nusu hadi Washington, mkifika saa 1 na nusu asubuhi. Hapa mambo ni tofauti kabisa. Wakati ndege inapaa, saa ya mwili wa mama bado ni ya Dar, na Dar ni katikati ya usiku. Amechoka tangu alipoondoka Tabata mchana. Akilaza kichwa atalala saa saba au nane mfululizo, usingizi wa kweli. Dola 1,150 kwa saa nane ni kama dola 144 kwa saa. Ni ghali, lakini unanunua usiku mzima wa mtu mwenye magoti mabovu.

Kumbuka pia mama anakwenda kufanya nini. Haendi kutembea. Anakwenda kumwangalia mzazi, na siku hiyo hiyo ya kufika atashika maji ya kumkanda binti yake na kumwogesha mtoto, hata mkimkataza. Mtu anayeanza kazi ya namna hiyo baada ya kukaa wima usiku kucha hulipa kwa siku tatu nne. Washington huwa nyuma ya Dar kwa saa 8 wakati wa baridi, kwa hiyo mwili wake utakuwa unavurugwa hata bila uchovu wa kiti.

Safari ya kurudi ina jambo ambalo wengi hawalifikirii, hata wenzangu wa kwenye ofisi za tiketi. Mtaondoka Washington saa 4 asubuhi. Baada ya miezi karibu mitatu mwili wa mama utakuwa umeshika saa za huko, kwa hiyo zile saa 12 na nusu hadi Ghuba zitakuwa, kwa mwili wake, ni asubuhi, mchana na jioni. Atakula, atasinzia kidogo, atasali, atakuuliza mmefika wapi. Kitanda cha dola 1,050 kitatumika kama kiti kipana. Kipande kirefu cha kurudi usikiguse.

Lakini mtakapounganisha ndege ya kuja Dar, saa 4 asubuhi kwa saa za Ghuba, Washington watakuwa katika usiku wa manane. Mwili wa mama utakuwa unadai kulala kwa nguvu, na kipande hicho ndicho cha bei ya chini kuliko vyote: dola 350. Akilala saa nne au tano, ni dola 70 hadi 90 kwa saa. Kama baada ya kumaliza choo utabaki na chochote mwezi Februari, hicho ndicho kipande cha pili cha kufikiria, na uamuzi huo si wa leo. Ofa kama hizi kwa kawaida hurudi kadiri siku ya safari inavyokaribia, kwa sababu kiti kitupu cha mbele hakiliingizii shirika hata senti ndege ikishapaa.

Kabla hujalipa kile kipande cha dola 1,150, jua ni ndege gani itakayowabeba. Jina "daraja la biashara" linafunika viti vya aina nyingi sana. Kuna ndege zenye viti vya mbele vilivyopangwa 1-2-1, ambapo kila abiria anafika njiani bila kumruka mtu. Qatar Airways ndani ya mpangilio huo walileta mwaka 2017 vyumba vidogo vyenye mlango. Na kuna Boeing 777 za Emirates ambazo kwa miaka mingi zimekuwa na mpangilio wa 2-3-2, yaani hata huko mbele kuna mtu aliyebanwa katikati. Walianza kuzibadilisha moja moja mwaka 2024, na zile za zamani bado ziko angani. Ingia kwenye ukurasa wa nafasi yenu, yaani buking mliyokatiwa, fungua ramani ya viti, uhesabu. Ukikuta 2-3-2, mama asikae dirishani wala katikati, maana ili aende chooni usiku itabidi aruke miguu ya mtu aliyelala, na kwa magoti yale hataenda. Atajibana, na hataki mtu ajue. Kiti cha njiani tu, au usilipe.

Na vile viti vya kisasa vina kasoro yake kwa wazee. Sehemu ya kuingiza miguu mara nyingi ni nyembamba kama droo ya kabati. Kitanda kikishalala kiko chini, na mtu mwenye magoti mabovu hawezi kuinuka kutoka hapo. Mfundishe mama kitufe kimoja tu, kile cha kurudisha kiti wima, na umwambie asijaribu kusimama kabla kiti hakijainuka. Vitufe vingine ataviacha.

Naona kwenye barua yako kuna hofu hukuiandika wazi, ya damu kuganda miguuni. Hilo nalijibu kwa uangalifu, kwa sababu limewafanya watu wengi walipe fedha nyingi kwa woga. Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti mwaka 2007: safari ya zaidi ya saa nne huongeza hatari ya damu kuganda kama maradufu, lakini kwa mtu mwenye afya hatari yenyewe ni kama mtu 1 kati ya 6,000. Kinacholeta shida ni kukaa muda mrefu bila kusogea. Madaktari hawajapata ushahidi thabiti kwamba daraja la kawaida lenyewe ndilo linalosababisha. Walichokiona ni kwamba waliokaa dirishani wako kwenye hatari zaidi, kwa kuwa hawainuki. Kwa hiyo kinga kubwa ya mama ni kiti cha njiani, kuchezesha vifundo vya miguu, kunywa maji na kusimama kila baada ya saa moja au mbili anapokuwa macho. Soksi za kubana na dawa yoyote ya damu ni mambo ya daktari wake, asianze kwa ushauri wa jirani.

Umpeleke kwa daktari kabla ya kulipa chochote. Hewa ndani ya ndege ni ile ile mbele na nyuma, na ni nyembamba kama ya mlimani: kwenye ndege nyingi inaweza kufikia sawa na kuwa mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na kwenye Boeing 787 ni kama mita 1,800. Zote mbili ni juu kuliko mji wa Lushoto. Shinikizo lililodhibitiwa kwa kawaida halimzuii mtu kusafiri, ila anayejua kama la mama limedhibitiwa ni daktari, na dawa zake zikae kwenye mkoba wa mkononi, wala si kwenye begi linaloingia chini.

Sasa swali lako la pili, ambalo naliona zito kuliko la kwanza. Mama akae mbele peke yake?

Mama yako hazungumzi Kiingereza, umesema mwishoni mwa barua. Hajui safari ndefu. Ukimweka mahali ambapo mhudumu anamwinamia na kumuuliza maswali mawili matatu kuhusu chakula, na wewe uko safu ishirini nyuma, anaweza kuwa na kitanda kizuri na usiku mbaya. Nimewaona wazee wa namna hiyo. Mmoja alikaa mbele saa kumi bila kula kwa sababu alidhani chakula kinalipiwa. Mwingine alirudi nyuma na kukaa na mwanawe mpaka wakatua. Kwa kawaida wahudumu humruhusu wa mbele kuja nyuma kumsalimia ndugu yake, lakini wa nyuma kwenda mbele hukataliwa. Kwa hiyo wewe hutaweza kumtembelea utakavyo, na kama ni kile kiti chenye mlango, atakuwa peke yake kabisa.

Ndiyo maana mama lazima aulizwe, na aulizwe vizuri. Ukimwambia "Mama, nikulipie dola elfu moja na mia moja ulale?" atakataa kabla hujamaliza sentensi. Muulize hivi: "Mama, usiku ule mrefu, ungependa ulale umejinyoosha lakini mimi niko nyuma, au tukae pamoja tumebanana?" Jibu lake ndilo jibu langu. Akisema pamoja, funga ile barua pepe bila majuto.

Akikubali, fanya hivi. Ofa hizi za kupandishwa daraja, hasa zile za kupendekeza bei, kwenye mashirika mengi huhesabu watu wote walio kwenye nafasi moja. Mkiwa wawili mmekatiwa pamoja, ukibonyeza kukubali unaweza kukatwa mara mbili. Ili kumpandisha mama peke yake, wakala aliyewakatia itabidi atenganishe nafasi zenu, kila mtu na namba yake. Mwambie aandike ndani ya kila nafasi kwamba mnasafiri pamoja, na namba ya mwenzake iwekwe humo. Bila hivyo, ndege ikifutwa, kompyuta inaweza kumpeleka mama kesho na wewe keshokutwa. Hili si la kupuuza hata kidogo, na kama wakala wako hawezi kulifanya, ningeacha mpango mzima.

Angalia pia kama hiyo bei ya dola 1,150 ni bei kamili au ni kiwango cha chini cha zabuni, yaani wewe unapendekeza bei na shirika linakubali au kukataa. Kama ni zabuni, weka juu kidogo ya kiwango cha chini, sema 1,180, usiongeze tena. Kadi hukatwa tu wakikubali, na jibu mara nyingi huja siku moja hadi tatu kabla ya safari. Wakikataa, hujapoteza kitu. Uliza kwa maandishi mambo mawili: mzigo wa mama utaongezeka au utabaki ule wa tiketi ya awali, na fedha zitarudi vipi wakibadilisha ndege. Kwenye zabuni mzigo mara nyingi haubadiliki, kwa hiyo msifungashe kilo za daraja la biashara kwa kudhani tu.

Na mambo ambayo hayana malipo, yachukue yote, mama akae mbele au nyuma. Kiti cha magurudumu uwanjani ni bure kwa abiria wa daraja lolote. Kiombwe mapema, angalau saa 48 kabla, kwa vipande vyote vinne. Kuna viwango vya msaada: kuna wa mtu anayeweza kupanda ngazi lakini hawezi kutembea mbali, na kuna wa mtu asiyeweza ngazi kabisa. Kwa magoti ya mama omba huo wa pili, kwa sababu wakati mwingine ndege huegeshwa mbali na jengo na watu wakapandishwa kwa ngazi. Nimeona kiti hiki kikiwasaidia wazee kuliko kitanda cha angani, maana uwanja wa Ghuba ni mrefu, na foleni ya uhamiaji kule Washington inaweza kumaliza magoti yaliyopumzika usiku kucha. Wewe utaongozana naye, na mtaingia ndegeni kabla ya wengine.

Kwenye vile vipande vitatu ambavyo mtakaa pamoja nyuma, lipia viti mapema: mama njiani, wewe pembeni yake, karibu na choo lakini si mkabala na mlango wake. Usimtafutie viti vya mlango wa dharura kwa ajili ya nafasi ya miguu. Anayehitaji msaada wa kutembea haruhusiwi kukaa hapo, na mtahamishwa mbele ya watu.

Kwa hiyo ningekuwa wewe: daktari wiki hii, kisha mazungumzo na mama, kisha wakala atenganishe nafasi, kisha zabuni moja tu ya Ghuba–Washington kwa mama peke yake. Hapo utabakiwa na zaidi ya dola 1,800. Mpe fundi wa Same malipo ya kwanza kabla hamjaondoka, ili mama akirudi Februari akute choo kina mlango na kimefungwa bomba. Kama fundi amekwambia dola 1,800 hazitoshi na kazi itasimama katikati, basi zabuni isiwepo. Magoti yale yanachuchumaa kila siku, asubuhi na usiku, na ndege ni usiku mmoja.

Na jambo la mwisho la kufanya ni dogo. Chukua kadi ngumu, uandike kwa Kiingereza: huyu ni mama yangu, hazungumzi Kiingereza, hanywi pombe, ana shinikizo la damu, magoti yanamsumbua, tafadhali mwinueni kiti kabla hajasimama, mimi niko kiti namba fulani. Uiandike na kwa Kiswahili upande wa pili ili ajue imesema nini. Aivae shingoni kwa kamba, ndani ya kitenge kama hataki ionekane, na umwonyeshe mara mbili nyumbani jinsi ya kuitoa.